Kufuli la Brauza Yako Lina Historia, na Sisi Tulipewa Lile Jepesi

Wasee, kuna swali huwa linarudi kila mara mtu akileta kompyuta nyumbani, iwe ni Makutano hapa Meru ama Majimbo huko Embu. "Niweke brauza gani?" Na majibu hutoka haraka kama ya mashabiki wa mpira. Chrome! Firefox! Opera, hiyo iko na VPN! Mwingine anasema zote ni sawa, bora YouTube ifunguke. Sijawahi kusikia mtu akiuliza hicho kidude kilitoka wapi, nani aliamua kufuli lake liwe na nguvu kiasi gani, na mbona kompyuta ya mzee hapo sebuleni inaleta ukurasa mwekundu wa onyo tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya KRA.

Mimi chuo niliacha lakini historia haikuniacha. Na hii ya brauza ni historia yetu pia, hata kama majina mengi yake ni ya California. Tena ukiijua, hilo swali la niweke gani linajijibu lenyewe kiasi.

Tuanze na matatu. Sema unatuma mzigo kutoka Meru hadi Embu. Gari linapita Nkubu, Chuka, Runyenjes, ndipo lifike. Ukiweka vitu vyako kwenye kikapu kilicho wazi, makanga anaona, abiria wa nyuma anaona, na yule kijana wa kupakia kwa stendi anaweza kuongeza kitu ama kutoa. Hivyo ndivyo mtandao ulivyokuwa mwanzoni. Tim Berners-Lee aliandika brauza ya kwanza 1990 akiwa CERN, Uswisi, ili wanasayansi wasomeane kazi. Mosaic ikafuata 1993 na kuifanya ipendeze watu wa kawaida. Zote zilikuwa kikapu wazi, na haikuwa shida kubwa, maana ni nani angeiba utafiti wa fizikia?

Shida ilianza watu walipotaka kuuza vitu. Netscape walitoa brauza yao ya Navigator mwaka 1994, na wakajua hakuna mtu ataandika namba ya kadi ya benki kwenye kikapu wazi. Wakabuni SSL, njia ya kuficha ujumbe kwa hesabu kati ya brauza yako na tovuti. Hiyo ndiyo babu ya HTTPS unayoiona leo. Na pamoja nayo wakaweka alama pale pembeni kukuonyesha kama umefungiwa ama la.

Sasa hapa ndipo wengi wetu hatujawahi kuambiwa kitu. Wakati huo sheria ya Marekani ilihesabu programu za kuficha ujumbe pamoja na silaha. Kuuza kufuli kali nje ya nchi kulihitaji kibali, kama unauza bunduki. Kwa hivyo Netscape wakatengeneza brauza mbili. Ya Wamarekani ilikuwa na ufunguo wa biti 128. Ya watu wengine wote, iliyoitwa ya kimataifa, ilikuwa na biti 40.

Biti 40 ni nini? Ni funguo trilioni moja na kidogo. Inasikika nyingi, lakini kwa kompyuta hiyo ni kazi ya kuhesabu tu, unajaribu moja moja hadi ifunguke. Agosti 1995 Mfaransa mmoja, Damien Doligez, alikusanya kompyuta kama 120 zilizokuwa zimekaa bure, akafungua ujumbe mmoja wa Netscape kwa siku nane. Ile ya biti 128, hata ukikusanya kompyuta zote za dunia hii leo, hutaimaliza kwa kujaribu.

Mwaka huo huo, Septemba, wanafunzi wawili wa Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, wakagundua kitu cha kuchekesha zaidi. Funguo za Netscape zilifaa kuwa za bahati nasibu. Kumbe brauza ilikuwa inazitengeneza kutokana na saa ya kompyuta pamoja na namba mbili ndogo za mfumo. Ukijua mtu aliingia mtandaoni saa ngapi, umekaribia kujua ufunguo wake. Haya, mkumbuke hiyo saa, itarudi.

Na Kenya tulikuwa wapi? Tulikuwa tunaingia. Africa Online ilianzishwa 1994 na Wakenya watatu waliokuwa wamesomea Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Katikati ya miaka hiyo ya tisini ndipo barua pepe na tovuti zilianza kufikia ofisi na watu wenye doo Nairobi, kwa laini ya simu ya mezani. Na yeyote aliyepakua Netscape ya kimataifa akiwa hapa alipewa kufuli la biti 40. Hakuna mtu alimfanyia ubaya kibinafsi. Aliishi tu upande wa dunia ambao sheria iliamua usifungiwe vizuri.

Hiyo sheria ililegezwa Januari 2000. Unadhani hadithi iliishia hapo? Machi 2015 watafiti walitangaza hitilafu waliyoipa jina FREAK. Seva nyingi duniani zilikuwa bado zinakubali lile kufuli jepesi la zamani, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulitoa. Mtu aliyekaa katikati ya njia angeweza kuidanganya brauza ya kisasa irudi kutumia ufunguo dhaifu wa enzi za tisini. Brauza ya Apple, ya Android, hata ya Microsoft zilinaswa. Yaani walidhoofisha kufuli la wageni, na miaka 15 baada ya sheria kulegezwa, udhaifu huo huo ukawapata hadi wenyewe. Ukisikia mwanasiasa yeyote, popote, akisema serikali ipewe mlango wa nyuma kwenye ujumbe wa watu "kwa usalama", mkumbushe hii.

Tusonge.

Netscape ilikufa mikononi mwa Microsoft, ambao waliweka Internet Explorer bure ndani ya Windows. Hiyo vita ya kampuni mbili sina haja ya kuirudia, imesimuliwa vya kutosha. Kinachotuhusu ni kilichotokea baada ya mshindi kupatikana. Internet Explorer 6 ilitoka 2001, na toleo lililofuata likatoka Oktoba 2006. Miaka mitano! Mshindani hakuwepo, kwa hivyo wakalala. Na hiyo miaka mitano ndiyo miaka ambayo saiba zilienea miji yetu, ukilipa kwa dakika, unaandika barua pepe kwanza kwa karatasi ili usimalize pesa ukifikiria maneno. Wakubwa zenu wanajua.

Windows XP na Explorer 6 zilikuwa zimejaa mashimo. Juni 2004 hata idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa kompyuta, US-CERT, iliorodhesha kutumia brauza nyingine kama njia mojawapo ya kujikinga. Agosti mwaka huo Microsoft wakatoa kiraka kikubwa, Service Pack 2. Kizuri sana. Ila kilikuwa na megabaiti kama 266.

Piga hesabu na mimi. Laini ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikienda kasi yake yote bila kukatika, inahitaji zaidi ya saa kumi kushusha hicho kitu. Na hiyo kasi yote ni ndoto. Kenya nzima ilikuwa inatoka nje kwa setilaiti hadi 2009, ambapo nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa. Sasa mwenye saiba ya kompyuta nane Embu, mwaka 2005, anayelipia kila dakika, angeanza wapi? Hakuapdeti. Hakuna aliyeapdeti. Kompyuta zilizotumika kutoka ng'ambo zilikuwa zinaingia, shuleni pia. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza kazi hiyo 2002, na lilifungulia wanafunzi wengi mlango. Lakini mashine ikishafika kijijini ilibaki jinsi ilivyofika, maana kuisasisha kulihitaji mtandao ambao haukuwepo.

Ndipo Firefox 1.0 ikatoka, 9 Novemba 2004. Ilitengenezwa na watu wa Mozilla, ambao ni mabaki ya Netscape yenyewe. Ilikuwa chini ya megabaiti 10. Hiyo namba ndiyo ilifanya iingie huku, si falsafa. Ilibebeka, ingetosha kwenye CD na nafasi ikabaki ya nyimbo za kutosha.

Nasema haya yote kwa sababu ile tabia ya mtaani ya kuona apdeti kama adui, ile ya kubonyeza "nikumbushe baadaye" hadi mwaka uishe, haikuanza kwa uvivu. Ilianza na bei. Bando ilitufundisha kuogopa apdeti, na hata leo mtu ana waifai ya mwezi mzima nyumbani lakini bado anazima masasisho kama vile analipa kwa dakika.

Bando pia ndiyo ilituletea Opera Mini. Najua hii ni ya simu na leo tunaongea kompyuta ya nyumbani, lakini hapa ndipo wengi tulijifunza neno brauza, kwa hivyo ivumilieni. Opera Mini ya Norway ilisambaa dunia nzima 2006. Ujanja wake ulikuwa huu: ukurasa hauji moja kwa moja kwako. Unaenda kwanza kwa seva za Opera, unabanwa, unapunguzwa uzito, halafu ndio unatumwa kwa simu yako. Rudi kwa ile matatu yetu. Ni kama ofisi ya mizigo hapo Chuka inayofungua kila kifurushi, inakipanga upya kikae kidogo, inakifunga tena na kukituma Embu. Bei ya kutuma inashuka sana. Lakini kifurushi kimefunguliwa katikati. Kwa ile hali ya kubana zaidi, hata ukurasa wa HTTPS ulikuwa unafunguliwa kwa seva zao, na Opera wenyewe hawakuficha hilo, waliandika kwa maelezo yao. Nokia walifanya kitu kama hicho na brauza yao, na mtafiti mmoja alipogundua Januari 2013 walikubali kwamba ndiyo, kwa muda mfupi inafunguliwa, ila hawaangalii.

Sisemi Opera waliiba kitu. Nasema tulibadilisha siri kwa bando, na hakuna aliyetueleza kwamba hiyo ilikuwa biashara. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na muungano wa wawekezaji wa Kichina 2016, na miaka miwili baadaye ilikuwa na programu ya mikopo ya simu hapa Kenya, OKash. Uhusiano wa brauza na mkopo? Kampuni ni ile ile, sasa inajua wateja wake wako wapi. Fikiria mwenyewe.

Turudi kwa kompyuta. Oktoba 2010, jamaa wa Marekani anaitwa Eric Butler alitoa kiongezeo cha Firefox alichokiita Firesheep. Ukikaa mahali penye waifai ya wazi, unabonyeza kitufe, inakuletea majina na picha za watu waliokaa hapo wakiwa ndani ya Facebook. Unabonyeza picha, uko ndani ya akaunti yake. Bila paswadi. Ilikuwa inawezekana kwa sababu tovuti nyingi zilikuwa zinafunga mlango ukiandika paswadi tu, halafu zinakuacha kikapu wazi safari iliyobaki. Butler hakuvumbua wizi mpya, wataalamu walijua miaka mingi. Alichofanya ni kuuweka wazi hadi kampuni zikaona aibu. Facebook walifikisha HTTPS kwa kila mtu 2013. Mwaka huo huo Snowden akaonyesha dunia ni kiasi gani cha mtandao kilikuwa kinasomwa, na baada ya hapo mambo yalienda mbio. Mwisho wa 2015 shirika la Let's Encrypt likaanza kutoa vyeti vya HTTPS bure kabisa. Julai 2018 Chrome ikaanza kuita tovuti zote zisizo na HTTPS "si salama".

Safi. Isipokuwa kitu bure ni bure kwa kila mtu, na mwizi pia ni mtu.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoteza pesa. Kufuli linasema hivi tu: mazungumzo yako na tovuti hii hayasikiki njiani. Halisemi tovuti hii ni ya nani mzuri. Mtu akifungua tovuti ya uongo ya kazi za serikali, ama ya kujifanya eCitizen, akapata cheti chake cha bure kwa dakika mbili, kufuli litaonekana vizuri kabisa. Umefungiwa chumbani na mwizi, mlango umefungwa vizuri sana. Google waliuliza watu kwa utafiti wa 2021, na asilimia 11 tu ndio walielewa sawasawa maana ya ile alama. Ndiyo maana Septemba 2023 waliiondoa kwa Chrome ya kompyuta na kuweka alama ya vitufe vya mipangilio. Kama bado unamwambia mathe "angalia kufuli ndio ujue ni salama", acha leo. Mwambie asome jina la tovuti, hasa mwisho wake. Za serikali yetu zinaishia go.ke, isipokuwa chache. Ile ya "ecitizen" halafu kistari halafu neno lingine halafu dot com, hapana.

Na nani anatoa hivyo vyeti? Brauza inakuja na orodha ya mashirika inayoyaamini. Likisema tovuti fulani ni ya kweli, brauza inakubali. Sasa mwaka 2011 shirika moja la Uholanzi, DigiNotar, lilidukuliwa. Aliyeingia akajitolea vyeti zaidi ya 500 vya uongo, kimoja cha Google, na kikatumika kupeleleza watu wa Iran waliokuwa wanafungua Gmail wakiona kila kitu kiko sawa. Brauza zote zikalifuta DigiNotar kwenye orodha, na kampuni ikafilisika Septemba mwaka huo. Lakini zililifuta kwa njia gani? Kwa apdeti. Kompyuta ambayo haikuapdeti iliendelea kuliamini shirika lililokufa.

Ndiyo maana naona mabishano ya Chrome na Firefox yanapita pembeni. Kitu cha kwanza kuuliza kuhusu brauza ni kama bado inapata masasisho kwenye mashine yako, hiyo uliyo nayo, si ile ya kwenye tangazo.

Kuna mama hapa mtaani kwetu, mwalimu mstaafu. Mwaka jana, Juni, akaniita. "Kijana wangu, kuja uone hii kompyuta, imekataa KRA, imekataa barua pepe, imekataa kila kitu." Alikuwa ameshaita fundi. Fundi akamwambia mambo mawili: kwanza, mashine imezeeka, anunue nyingine, anayo moja dukani. Pili, kama ana haraka, abonyeze yale maandishi madogo chini ya onyo, aendelee hivyo hivyo.

Nikaangalia pale pembeni chini kulia. Januari 2009.

"Mwalimu, hii kompyuta ukiitoa kwa stima inasahau tarehe?"

"Kila siku. Nilidhani ni kawaida yake."

Ndani ya kila kompyuta kuna kibetri cha duara, kama cha saa kubwa, kinachoweka saa ikitembea hata umeme ukipotea. Kikifa, mashine ikiwashwa inarudi tarehe yake ya kuzaliwa. Na kila cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta iliyo 2009 ikiona cheti cha mwaka jana inaona karatasi ya siku ambazo bado hazijafika, na inakataa. Ina haki kukataa. Kibetri tulinunua kwa bei ya chapo tatu na chai, tukaweka, tukarekebisha tarehe, KRA ikafunguka.

Shida yangu na fundi si ile ya kutaka kuuza mashine. Kila mtu anatafuta. Ni ule ushauri wa pili. Mwalimu angezoea kubonyeza "endelea" kila siku, kwa KRA, kwa benki, kwa pensheni, kwa eCitizen yenye kila kitu chake. Siku onyo litakuwa la kweli, ataendelea pia. Umemfundisha mtu kwamba king'ora cha moto ni kelele.

Kwa hivyo ukurasa mwekundu ukitokea, usibonyeze kitu kwanza. Jiulize kama ni tovuti moja ama zote. Zikiwa zote, tatizo liko kwako: angalia tarehe, mwaka, na saa za eneo ziwe za Nairobi. Kama tarehe iko sawa, angalia antivirasi, maana nyingine hujiweka katikati na kufungua HTTPS yako ili kukagua, ile ofisi ya Chuka tena. Ikiwa ni tovuti moja pekee, ifungue kwa simu ukiwa umezima waifai na kuwasha data. Ikikataa huko pia, wenye tovuti wamelala na cheti kimeisha, subiri. Ikifunguka kwa data na kukataa kwa waifai ya hoteli, hiyo waifai ina mtu ama inataka uingie kwanza kwa ukurasa wake. Usiandike paswadi hapo.

Kuna lingine lililosumbua mashine nzee. 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja ambacho Let's Encrypt walikuwa wanakitegemea kiliisha muda. Kompyuta na simu ambazo zilikuwa hazijapata orodha mpya zikaamka siku hiyo zikikataa mamilioni ya tovuti, bila mwenyewe kugusa chochote. Firefox iliwafaa wengi, kwa sababu hubeba orodha yake ndani yake. Chrome kwenye Windows ilikuwa inategemea orodha ya Windows yenyewe hadi 2022, ndipo ikaanza kubeba yake. Ukiwa na mashine ya zamani hiyo tofauti si ndogo.

Sasa nichague kwa niaba yako? Inategemea mashine. Windows 7, na ziko nyingi sana kuanzia Maua hadi Siakago, ilikatwa na Microsoft Januari 2020, na Chrome ikaiacha kwa toleo la 109, mwanzo wa 2023. Chrome 109 bado inafungua, inang'aa, haionekani mgonjwa, lakini mashimo yaliyopatikana tangu hapo hayajazibwa. Firefox waliweka toleo la 115 la muda mrefu kwa ajili ya mashine kama hizo na wakaliongezea muda mara kadhaa, lakini hiyo ni oksijeni, si tiba. Ukiweza, toa Windows 7, weka Linux Mint, ni bure, halafu Firefox juu yake. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 itatembea. Windows 10 nayo ilifikia mwisho 14 Oktoba 2025, na kuna nyongeza ya mwaka mmoja kwa wanaojisajili, jisajili. Kwa Windows 11, Chrome, Edge, Firefox zote zinapata viraka kwa wakati. Mimi natumia Firefox na kiongezeo kimoja, uBlock Origin, kwa sababu matangazo ya uongo ndiyo mlango wa wizi mtaani kwetu, na Chrome walishabadilisha kanuni zao hadi hicho kiongezeo kamili hakifanyi kazi tena kwao. Kampuni ya matangazo kuzuia kizuia matangazo, nani alishangaa?

Viongezeo vingine, futa. Kiongezeo kinaweza kusoma kila ukurasa unaofungua, na hivyo vya kushusha video na kubadilisha rangi huuzwa kimya kimya kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Na usilaumu brauza kwa kula RAM kabla hujajua inaila kwa nini. Chrome ilipotoka 2008 ilikuja na wazo la kutenga kurasa, tovuti mbovu ikae kwenye chumba chake isichungulie ya benki. Baada ya hitilafu ya Spectre kutangazwa Januari 2018 walizitenga zaidi, na wakasema wazi itaongeza matumizi ya RAM kwa kama asilimia 10 hadi 13. Hizo ni kuta. Kompyuta ikiwa nzito, funga kurasa thelathini ulizoacha wazi tangu Jumatatu.

Halafu ile saa. Vyeti vilikuwa vinaweza kukaa siku 398. Aprili 2025 kampuni za brauza na za vyeti zilipiga kura kuvifupisha: siku 200 kuanzia Machi 2026, 100 mwaka 2027, na siku 47 pekee kufikia Machi 2029. Maana yake, mashine ambayo leo iko nyuma kwa miezi miwili na bado inafungua tovuti kadhaa, haitafungua karibu chochote wakati huo. Kama kuna desktopu ya 2010 hapo kwenu Runyenjes imefunikwa kitambaa, iwashe jioni hii uangalie inadhani ni mwaka gani.